Picha ya Ripoti

Ofisi ya Kampala imeagiza: tabasamu,
kitabu mkononi, nembo ya shirika ionekane.
Nami nimefika Kaabong na vumbi kwenye lenzi,
namwashiria Napeyok asogee dirishani,
penye mwanga.

Hatabasamu. Anaandika saba kwenye kibao,
anaifuta kwa mate, anaiandika tena.
Mgongoni mwake mdogo wake amelala,
shanga shingoni, kamasi puani.

"Mwambie amshushe mtoto kidogo," namwomba mwalimu Lomuria.
Lomuria anakohoa. Hatafsiri.

Baadaye msichana anakuja kuchungulia kioo cha kamera.
Anajiona. Hashtuki.
Kidole chenye chaki anakiweka pembeni kabisa,
kwenye doa jeusi nje ya mlango,
na safari hii Lomuria anatafsiri neno kwa neno:
"Huyu ni Achia, kaka yangu. Ana mbuzi kumi na tisa.
Husimama hapo
mpaka tumalize hesabu."

Lile doa nilikuwa nimepanga kulikata.

Usiku umeme hakuna, betri imebaki mstari mmoja.
Naikuza picha mpaka inageuka viraba:
fimbo, shuka,
midomo iliyo wazi
kwenye saba.