Sampuli Isiyo na Namba

Aliileta katika chupa ya soda ya nusu lita,
kizibo chekundu, lebo imebanduliwa kwa kucha,
akaiweka mezani pangu taratibu
kama mtu aliyebeba mkojo wa mgonjwa.

"Naitwa Syokau. Natoka Utawala.
Nauza maji. Nataka kujua nawapa watu nini."

Nikamweleza kanuni: chupa hutoka kwetu,
sampuli husafiri ndani ya barafu,
hupewa namba, hupewa fomu, fomu hupigwa muhuri,
na ada hulipwa kwa simu kabla ya saa tisa.
Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia mwanawe
aliyeegemea mlango, wa miaka tisa hivi,
akamwambia, "Kivuva, cheka."

Kivuva hakucheka. Aliziba mdomo kwa kiganja
kama wafanyavyo waliozoea kuchekwa.
Lakini nilikuwa nimekwisha kuona:
meno ya rangi ya chai iliyomwagikia kitambaa,
na vishimo, kama chaki iliyoguguna panya.

Kisima chake kina mita mia mbili na themanini.
Walikichimba mwaka ule bomba la jiji lilipokohoa hewa
siku sita, likatoa maji ya saba, usiku, watu wamelala.
Maji maangavu. Yana ubaridi wa jiwe.
Hayana harufu, hayana tope, hayana mdudu.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Cha ndani ya glasi hawakukitaja.

Jioni, wenzangu walipokwisha kuondoka,
nikaipima chupa isiyo na namba.
Nne nukta sita.
Nikarudia. Nne nukta saba.
Kikomo ni moja na nusu.

Floraidi. Jina zuri, ungedhani la binti.
Imelala mwambani tangu volkano zilipozima moto,
inatungoja huko chini, haina haraka,
na sisi, kwa kiu, tukaifuata na mashine.

"Basi nitachemsha," Syokau alisema kwenye simu.
Na mimi, niliyehubiri kuchemsha mtaa kwa mtaa
mwaka wa kipindupindu, ulimi ukawa mzito:
mama, kuchemsha hakuitoi hii.
Mvuke huondoka, yenyewe hubaki,
sufuria ikaikoleza.

Kimya. Nyuma yake mitungi iligongana,
mtu akadai chenji ya shilingi tano.

Iko njia moja: mifupa.
Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni Dagoretti,
ichomwe kwa hewa haba hadi iwe nyeusi, isagwe, ijazwe pipani,
maji yapite polepole.
Mfupa wa mfu uulinde mfupa wa aliye hai.
Tukamtengenezea pipa, mimi na Ombasa wa stoo,
tukanuka moshi wiki nzima, mke wangu akahama kitanda.
Siku ya kwanza: sufuri nukta tatu.
Tulipeana mikono kama waliopata mtoto.

"Na litachoka lini?" Syokau aliuliza.

Sijui. Hilo ndilo swali.
Ndilo nililoliandikia pendekezo la kurasa kumi na mbili,
nikaomba vipimo vya miezi minane, kemikali,
na mafuta ya pikipiki.
Pendekezo lilipanda ghorofa ya nne mwezi wa Machi.
Halijashuka.
Na pipa likichoka halipigi kelele. Yatatoka maji yale yale,
maangavu yale yale, na mtoto atayanywa akishukuru.

Jumatatu hii nilimkuta langoni kabla ya mlinzi kufungua.
Miguuni pake ndoo ya barafu, ya kuazima kwa muuza samaki,
na ndani chupa sita, zilizosuuzwa mara tatu,
kila moja na kikaratasi, mwandiko wa penseli wa mtoto:
*Pipa. Jumanne. Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kivuva.*
*Pipa. Jumatano. Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kivuva.*
Ya Alhamisi aliongeza, bila kuagizwa na mtu:
*Mvua ilinyesha. Nilichelewa dakika nne.*

Nilivaa glavu.
Nikafungua daftari jipya,
nikaandika: moja.