Nani Nimuulize

Usiku wa Alhamisi, ofisi ya maji, Wete.
Feni inaikata hewa ile ile.
Nimefungua orodha ya programu ya ukaguzi:
watumiaji kumi na saba,
na kumi na mmoja kati yao
wameandikwa Msimamizi Mkuu.

Kumi na mmoja!
Dereva wa boza yumo.
Yumo kijana wa mafunzo aliyekaa wiki sita
akaondoka na chaja yangu.
Yumo Shaame, aliyehamia Unguja mwaka juzi,
na bado kila saa nane ya usiku
skani inaamka kwa jina lake,
inapita seva moja moja ikigonga milango,
inaandika: huu umeegeshwa tu, haukukomewa,
na ripoti inamwendea yeye,
kwenye sanduku la barua asilolifungua.

Hakuna aliyekusudia ubaya.
"Mpe tu, kazi iende."
Tukampa. Kazi ikaenda,
ruhusa ikabaki.

Mama yangu, Bi Mize,
katika shughuli zote za Mtemani
ndiye aliyekaa mlangoni mwa chumba cha masufuria,
kibao cha mbuzi kimemwelemea upande,
kanga yake imeandikwa
*Ufunguo ni dhamana, si pambo la kiunoni.*
Muonja chumvi aonje, arudi.
Mbeba masinia hafunui kifuniko.
Shangazi wa bwana harusi, shangazi khasa,
alirudishwa na sahani tupu
akanuna hadi Mfunguo Tatu.
"Mama, unawashuku watu?"
"Simshuku mtu, mwanangu.
Biriani ikipungua
nataka kujua nani nimuulize."

Basi nikaanza.
Wa kutazama, watazame.
Wa kuamsha skani, waamshe.
Kufuta, na kuingiza mtu mpya: wawili tu,
Rukia, na Makame wa Chake.
Dereva, samahani Mzee Kombo, hukuwahi hata kuingia.
Mkurugenzi: kutazama.
(Asubuhi atanipigia. Najua atakavyoanza:
"Hivi wewe Zuwena, mimi na wewe nani mkubwa?")

Kwa Shaame programu ikagoma.
*Mtumiaji huyu anamiliki skani tisa. Zirithishwe nani?*
Nikacheka peke yangu.
Mtu yu hai, yuko Darajani anapandisha bei ya simu,
nami huku nagawa mirathi yake.
Sikumpa mtu. Nimeziandikia kundi zima,
mmoja akihama tena, zisibaki yatima.

Likabaki jina langu.
Hapo nilikaa kidogo.
Miaka minne nafungua kila kitu,
na nilichokihitaji, nikisema kweli,
ni kusoma ripoti na kuamsha skani.
Nikajishusha.
Nikajaribu kurudi kwenye orodha, kuhakikisha tu,
ikanijibu kwa adabu:
*Huna ruhusa. Muombe msimamizi.*
Nikazima feni.

Saa nane, nimelala.
Skani imeamka bila jina la mtu,
imegonga, imekuta ule mlango wa siku zote
umeegeshwa.
Simu tatu zikalia kwa pamoja,
mbili Wete, moja Chake.
Kabla sijapata miwani yangu,
Rukia keshaandika:
"Nani anaukomea?"