Spika ya Tatu

Chumba ni hatua tatu kwa nne.
Zamani kilikuwa stoo: baiskeli isiyo na mnyororo,
ndoo za rangi, gunia la mchele wa Ahero.
Leo ni ofisi. Humu napigia hesabu
vyama vya akiba vya Kondele na Migosi,
nikizisaka shilingi zilizopotea baina ya safu mbili.

Nambari tupu hunyausha.
Jumapili nikaenda Kibuye,
nikarudi na jozi ya spika za mbao
na amplifaya iliyonizidi umri,
nzito kama mtoto aliyelala.

Nikazipandisha juu ya kabati la chuma,
zikaegemea ukuta kama walevi wawili.
Nikawasha.
Bezi ikavimba, ikajaza kona, ikapanda dari,
ikamwagika kama uji uliozidiwa moto.
Gitaa lilikuwamo, mahali fulani,
mtu anayeita kutoka chini ya blanketi.
Kabati likaitikia kwa meno.
Mhuri wangu ulitembea hadi ukingo wa meza
ukaanguka.

Nikamwita Ogweno, fundi wa Manyatta.
Akaja na bisibisi moja na kimya kingi.
Hakugusa waya. Alisimama katikati,
akapiga kofi.
Kuta zikamrudishia, mara nne, tano.
"Umesikia? Spika ulizonunua ni mbili.
Ya tatu ni hiki chumba,
na hiyo ndiyo mbovu."

Zikashuka kabatini, zikakalia matofali,
shubiri tatu kutoka ukutani,
midomo yao ya juu sawa na masikio yangu nikiketi.
Akatoa uzi wa kushonea, akapima:
spika hadi spika, spika hadi kiti,
akafunga fundo, akapima tena.
Pande zote sawa.
"Figa moja haliinjiki chungu," akasema,
"wala mawili. La tatu ni wewe. Keti."

Blanketi langu la bweni,
lenye 214 kwa uzi mwekundu,
likatundikwa nyuma ya kiti.
Akauliza kilichokuwa kwenye ile kona.
Mchele, nikasema, nimeuhamishia jikoni.
"Urudishe. Mchele unameza bezi."
(Tangu siku hiyo, kila tunapopika,
bezi huongezeka kidogo.)

Ukabaki mvumo: mmmm,
nyuki ndani ya chupa.
Ogweno alilala kifudifudi chini ya meza
nusu saa nzima, akichomoa na kuchomeka,
akatoka na utando wa buibui kwenye nyusi.
Chaja ya kompyuta, kumbe.
Mashine ile ile ya kunilisha
ndiyo iliyokuwa ikininung'unikia.

Kisha akaweka benga ya zamani,
kanda niliyodhani naijua.
Nikasikia kidole kikiteleza kwenye uzi
kabla ya gitaa kulia.
Nikasikia mtu akivuta kiti.
Mwimbaji akavuta pumzi, akameza mate.
Miaka yote hii, na hakuna aliyeniambia
kwamba siku ile alikuwa na mafua.

Hatukusema kitu.
Saa kumi mvua ya ziwani ikafika juu ya mabati
ikatushinda sote, bila waya.
Ogweno akacheka, akanywa chai yake.

Jioni mlango ukabishwa.
Wangila, jirani yangu, mstaafu wa reli,
tunagawana ukuta mmoja.
Nikafungua na msamaha tayari mdomoni:
nitapunguza, mzee, nilikuwa najaribu tu.
Akasimama pale na kandambili zake.
"Mbona mmezima?
Juzi kikombe changu kilikuwa kinacheza mezani.
Leo nimekaa nacho mchana kutwa,
kimetulia tu."

Kwa hiyo Jumamosi, vitabu vikishafungwa,
naisukuma spika ya kushoto
hadi iguse ukuta wake.
Gitaa linarudi chini ya blanketi lake.
Upande wa pili nasikia kijiko, sahani,
na kitu cha udongo kinachotetemeka kwa furaha.

Ogweno asijue.