Msikilizaji wa Tatu

Kabati la marehemu shangazi ndilo studio.
Nimeng'oa rafu, nikatundika makoti ya mtumba
niliyoyabeba Mlango Mmoja kwa bei ya kutupa,
godoro la mtoto nyuma, simu juu ya ndoo iliyopinduliwa,
na mimi katikati, magoti yamenifika kidevuni,
nanuka naftalini kama nguo ya sikukuu.

Huku Bugarika nyumba zimekaa juu ya mawe
na sauti haina pa kujificha.
Jirani akikaanga dagaa, mafuta yanaingia sura ya nne.
Budeba akichomelea geti,
shujaa wa kitabu anakufa kwa cheche.
Kwa hiyo nasoma saa nane za usiku,
mbwa wakishachoka, na baa ikishazima.

Kitabu chenyewe hakina jalada.
Mwandishi alishakufa, na aliowaachia nao wakafa,
sheria ikasema: basi, sasa ni cha watu wote,
kama lile jiwe la njiani
ambalo kila mwenye mzigo hulikalia
asiulize nani aliliweka.
Tumegawana sura. Mhoja wa Sengerema kachukua tatu za mwanzo.
Bhoke, anayepima watu sukari hospitalini, kachukua mahakama yote,
maana anajua kusema kwa ukali.
Mimi nikaachiwa harusi.
Hakuna anayelipwa. Bando ni la mfukoni mwako.

Halafu kuna Nyamizi. Nyamizi hasomi, husikiliza,
kama mtu anayechambua choroko, na kokoto zote
hunirudishia:
*Dakika ya tatu, umemeza neno.
Dakika ya saba, jogoo.
Dakika ya kumi na moja, umesoma
mahali badala ya mahari.
Rudia.*

Narudia. Ulimi wangu ulikulia Magu,
na kwetu l na r ni mapacha:
ukimwita Kulwa, Doto naye anaitika.
Alitoa mahali ya ng'ombe kumi na wawili.
Alitoa mahali.
Alitoa
nacheka peke yangu kabatini,
nikimwona bwana harusi kabeba mahali kichwani,
kilima kizima pamoja na kisima chake,
anakishusha uani kwa wakwe:
haya, wazee, hesabuni.

Juzi nikaangalia wangapi wameisikia sura yangu.
Watatu.
Mmoja ni mimi. Nilijisikiliza nikaona aibu,
nikazima kabla ya vigelegele.
Wa pili ni Nyamizi na choroko zake.
Wa tatu?

Wiki nzima namtafuta huyu mtu bila kumtafuta.
Nimemkodolea kijana wa kiwanda cha minofu,
waya sikioni, gamba la sangara limemgandia kifundoni,
kakunja uso kama aliyefika kwenye mahakama ya Bhoke.
Nimemkodolea mlinzi wa duka la saa
hadi akaniuliza nina shida gani.
Nimemfikiria hata aliyebonyeza kwa bahati mbaya,
alikuwa anatafuta mahubiri, au matokeo ya mpira,
akasahau kuzima, akalala,
na mimi nikawaozesha watu wale gizani mpaka mwisho
mbele ya mkoromo wake.
Hata huyo namtaka.

Leo, saa nane na nusu, mvua imetoka ziwani bila hodi,
ikashukia bati. Nilikuwa nimebakiza ukurasa mmoja.
Kanuni inasema: simamisha.
Nikanyoosha kidole. Nikakirudisha.
Kwenye ukurasa ule bibi harusi anavuka mto,
kanga kaipandisha magotini, viatu mkononi,
na mwandishi, sijui kwa nini, hakuandika maji yalilia vipi.
Nikapaza sauti kidogo tu,
kama unavyomwambia neno mtu aliye chumba cha pili.
Nikafika kwenye mahari. Nikasema mahari.

Najua Nyamizi atakavyoandika:
*Dakika ya kumi na tisa, mvua. Rudia.*
Nitarudia, kesho, kukikauka.
Ila hii ya mvua nimeipandisha hivyo hivyo.
Nyamizi huamka saa kumi na mbili.
Mpaka hapo, wewe wa tatu,
kama uko macho,
ni yako.