Mwavuli wa Don Heriberto

Valdivia mvua haipigi hodi.
Inaingia na viatu vyake, inakaa.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu anakuja Mei, anaondoka Septemba,
na jembe gani utampa mvua?

Baba alifanya kazi posta,
kupima vifurushi, kugonga mihuri.
Kazi yake nyingine haikuwa na mshahara:
mtu wa kiinimacho,
si wa jukwaani, si wa tiketi,
wa foleni ya mkate tu,
wa kibaraza cha benki, wa sokoni mtoni
simba-bahari wakigombania vichwa vya samaki.

Alikunja gazeti la jana mara nne,
akalipuliza kama apozaye chai,
na kwenye ukurasa wa tanzia,
kati ya marehemu wawili,
ukachanua mwavuli mweusi, mzima, mkavu.
Bi Ulloa wa mikate akafanya ishara ya msalaba,
akabaki na unga kwenye paji la uso.
"Naona manyunyu," baba akasema,
kana kwamba si yeye,
kana kwamba miavuli ndiyo tabia ya magazeti.
Akamsindikiza mjane Oyarzo hadi mlangoni kwake,
akaufunga,
na ulikokwenda, mjane hakuona.

Nilijua mimi. Sikuambiwa, nilijua.
Mama ndiye aliyeshona ule mfuko ndani ya koti,
mrefu, mwembamba, kama soksi ya korongo,
akaula yamini uzi alipoukata kwa meno.
Na ni mama huyo huyo, kila jioni, mlangoni:
"Mwanamume ana mwavuli kwapani
na anarudi kama tambara la kudekia!"
Baba, akichuruzika juu ya mkeka:
"Edelmira, mwavuli ukitokea pasipo na jicho
ni kitambaa na vyuma."
Mama alikamua koti. Alikamua na jibu.

Mwaka wa matubwitubwi yangu,
miaka kumi na mmoja, shavu kama andazi,
flaneli kutoka kidevuni hadi utosini,
nilikaa dirishani siku tisa
nikihesabu wavukao daraja.
Siku ya saba mvua ilikuja kwa ubavu.
Daraja likabaki tupu
na baba katikati yake.

Akasimama.
Akatazama kushoto. Akatazama kulia.
Nikajiambia: sasa, ataufanyia mto.
Lakini hakupuliza kitu, hakukunja kitu.
Aliingiza mkono kotini kama mtu atafutaye funguo,
akauvuta, ukakwama, akauvuta tena,
upepo ukaugeuza ndani nje,
akapambana nao, ubavu mmoja umeteguka,
mdomo wake ukisema neno
nisilowahi kulisikia nyumbani.
Kisha akatembea chini yake,
mabega yameshuka,
mtu wa posta, miaka hamsini na minne, anaumwa goti.
Niliona haya,
kama niliyefungua mlango wa bafu bila kugonga.

Kwenye kona yetu akaufunga.
Akaurudisha kwenye soksi ya korongo,
akavua kofia
na kusimama mvuani, uso juu,
akisubiri, sijui, nilihesabu hadi arobaini,
mpaka alipolowa vya kutosha.

Mlango. Mkeka. Taulo. Tambara la kudekia.
Kila neno la mama lilikaa kwenye kiti chake.
Baba akanijia kitandani,
akachungulia flaneli yangu kama daktari,
"Hapa pamevimba," akasema, "pana kitu,"
na nyuma ya sikio langu, polepole,
akavuta mwavuli, mpini kwanza.

Ulikuwa umeshalowa.
Matone mawili yakaniingia shingoni, baridi.
Mama, taulo mkononi, akayatazama,
akanitazama.
Nikapiga makofi.