Nikeli Mbili, Zamu ya Usiku

Saa tisa usiku, Saskatoon. Nje ni nyuzi thelathini na nane
chini ya sufuri, na mto umeganda hadi tumboni.
Humu ndani mimi naogopa joto.
Nimeinasa fuwele kwa kitanzi cha nailoni
chembamba kuliko unywele wa kichanga,
naizamisha katika mvuke wa naitrojeni
huku nimebana pumzi, maana kwake
pumzi yangu ni jua la utosi.

Mwaka mzima, Shangazi Tunu.
Sahani mia mbili na kumi na tatu,
kila sahani visima tisini na sita,
kila kisima tone,
na ndani ya tone: ukungu, utando, mchanga uliochoka,
siku moja ukope wa Oksana,
tukaushangilia dakika tano nzima.
Kisha kisima D7 kikatoa hii. Ina pembe.
Ndogo kuliko punje ya ile chumvi uliyokatazwa.

Hukuambiwa jina la mgeni wako.
Walisema ni mawazo. Walisema pilipili.
Mmoja alisema ni mume.
Ukanywa maziwa baridi, ukalala umejipinda
upande mmoja, kama ndoana,
na yeye, mwenye mwili wa parafujo,
amekaa katika tindikali iyeyushayo mifupa ya dagaa,
anajifukizia amonia kidogo kidogo,
harufu ya choo kuwa ngome yake,
akaishi.
Akaishi kukuzidi? Sijui. Nadhani mlikwenda pamoja.

“Tayari?” anauliza Oksana.
Mlango wa risasi unafungwa, king'ora kinalia,
mionzi inapita.
Kwenye skrini madoa, madoa, safu za madoa:
si sura ya kitu bali mwangwi wake,
kama mtu anayepiga kofi gizani
apate kujua chumba kina ukubwa gani.

Kompyuta inahesabu. Tunakula perogi za viazi
alizopika mama yake, zimepoa, tunakula tu.

Halafu ramani. Wavu wa buluu, mikunjo juu ya mikunjo,
na katikati vilele viwili
vikali kuliko vyote vilivyovizunguka.
Nikeli. Na nikeli.
Kati yao angstromu tatu na nusu,
na chembe ya maji wameishika wote wawili
kama ndoo inayobebwa na dada wasiosemezana.
Histidini nne zimewazunguka, mashahidi.

Nyumba yangu haina mlango,
nilikutegea jikoni kwako,
nawe ulijibu “yai” kabla sijamaliza.
Hii inao, Shangazi. Ubawa mdogo,
unafunguka, unafunga.
Kazi yetu ni kutafuta kabari.

Naona haya kusema ni nzuri.
Ni nzuri.

Oksana ananionyesha senti tano ya hapa kwao.
Wanaiita nikeli, anasema, lakini kwa ndani
ni chuma, imepakwa tu. Anacheka peke yake.
Kisha anauliza faili tuliite nani.
Vidole vyangu vilishaanza T, vikaanza U.
Nikafuta. Kilichomo humu si chako,
ni cha aliyekula kwako bila kubisha hodi.
Nikaandika D7, na tarehe.

Zimebaki fuwele kumi na moja kwenye birika.
Zamu inakwisha saa mbili.
Naomba kitanzi kingine.