Ukuta wa Bi Somoe

Chumba changu ni cha juu, Langoni,
boriti kumi na moja na dirisha linalotazama dirisha.
Kompyuta niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama;
herufi B ilikwisha ng'oka, naibonyeza shina kwa ukucha.
Vipokea sauti nimevifunga plasta, ile ya kidonda.

Mapigo mia na sabini na nne kwa dakika.
Mama hupita na sinia, husimama mlangoni:
"Famau, ngoma hini yakimbizwa ni nani?"
Sina jibu. Naongeza pigo moja, nalitoa tena.

Kiki nimeitwaa mlangoni kwa Bwana Lali,
mlango mzito anaoufunga kwa bega kila saa nne usiku.
Snea ni mfuko wa simiti
ulipotua kutoka mgongoni mwa punda.
Zile sauti za juu, zinazochachatika,
ni mbuzi ya mama na nazi kavu,
sekunde tatu tu: alipojua namrekodi
alianza kukuna kwa adabu.

Besi ndiyo iliyonishinda.
Spika zangu, vikopo viwili vya wanja,
besi huisikia kwa watu tu.
Nikachora wimbi, nikaliviringa, nikalinenepesha;
mchoro kwenye kioo ukaniambia ipo, hezi arobaini.
Ipo wapi?
Kama mposaji anayetajwa kila siku
na washenga hawajabisha hodi.

Ndipo Shee Bausi akaniazima spika ya arusini.
Tukaipandisha ngazi watu watatu, tukaiegemeza ukutani.
Upande wa pili hukaa Bi Somoe.
Hasikii tangu ana miaka saba. Homa.
Anashona kofia.
Nikasema moyoni, huyu sitamuudhi.

Usiku wa tatu ukuta ukagongwa.
Nikazima.
Ukagongwa tena, kwa hasira zaidi.
Nikawasha.
Kimya.

Asubuhi mama akanipeleka kuomba radhi.
Bi Somoe alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani,
kofia pajani, sindano mdomoni.
Aliweka kiganja changu kwenye chokaa,
kisha akakiweka kifuani pangu, akatikisa kichwa:
imejaa mno, haina pa kupumulia.
Akanipa kofia niitazame kwa mwanga.
Vitobo. Safu juu ya safu ya vitobo.
Nikahesabu kwa kidole, kumi na sita,
na wa saba haukutobolewa.

Nami usiku kucha nina visanduku kumi na sita kwenye kioo
na vyote nimevijaza, kama mgeni aliyeachiwa sufuria.

Nikafuta wa saba.
Hapo besi ikaingia chumbani,
ikakaa.

Jana stima ilikatika katikati.
Giza, feni ikazunguka kwa mazoea, ikachoka.
Ukuta ukagongwa.
Nilikuwa na simu, chaji asilimia nne,
nikaibandika kwenye chokaa nikarekodi:
mapigo matano, la tatu limechelewa.

Leo nimeliingiza kwenye wimbo.
Programu inauliza kwa upole wake wa kila siku
kama ninyooshe yaliyopinda.
Mshale uko juu ya "ndiyo", kwa mazoea.
Nauondoa.
La tatu linachelewa,
na la nne, nikisikiliza vizuri,
linalikimbilia.